Pointi 218 za aliyeshindwa

Jumapili ya tarehe 14 Julai 2019 nilikuwa kwenye saluni ya kiume ya baba mdogo, Morogoro, nasubiri kunyolewa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Runinga ya pale ilitundikwa juu ya kioo, kwa hiyo sisi wa kwenye benchi tulikuwa tunaona vizuri, ila aliyekuwa kwenye kiti akiinua shingo kutazama, baba mdogo anamfokea: "Tulia, nitakukata sikio."

Kwa kawaida Jumapili pale ni mpira tu. Lakini siku hiyo nusu fainali ya AFCON, Senegal na Tunisia, ilikuwa ianze saa moja usiku. Taifa Stars walikuwa wamesharudi nyumbani zamani baada ya kufungwa mechi zote tatu za kundi, mojawapo na Kenya, jambo ambalo pale saluni halikuruhusiwa kutajwa. Kwa hiyo kuanzia saa kumi jioni kulikuwa na pengo, na baba mdogo akaliziba kwa tenisi: fainali ya Wimbledon, wanaume, mchezaji mmoja mmoja. Roger Federer wa Uswisi na Novak Djokovic wa Serbia.

Baba mdogo hakuwa mtu wa tenisi. Alikuwa mtu wa Federer. "Mtazame," alisema, "mtu wa miaka thelathini na saba huyo, anakimbia hivyo na nywele ziko palepale." Kwa kinyozi, hiyo ni sababu tosha.

Sheria tulifundishwa hapohapo, mashine ikiwa inanguruma. Pointi ya kwanza inaitwa kumi na tano, ya pili thelathini, ya tatu arobaini, inayofuata unachukua gemu. ("Kwa nini siyo arobaini na tano?" "Usiniulize mimi.") Ukifikisha gemu sita, ukiwa umemwacha mwenzako kwa mbili, umechukua seti. Mkifungana sita kwa sita mnacheza gemu ya kuamua, ile wanayoiita taibreki, wa kwanza kufika saba kwa tofauti ya mbili. Atakayetangulia kuchukua seti tatu kati ya tano ndiye bingwa. Na kila seti mpya inaanza sifuri kwa sifuri.

Hilo la mwisho lilinipita tu siku ile.

Djokovic alichukua seti ya kwanza kwa taibreki. Ya pili Federer akamfagia 6-1, kwa dakika kama ishirini na tano hivi, mpaka mtu mmoja wa kwenye benchi akauliza kama yule Mserbia anaumwa. Ya tatu Djokovic akachukua tena kwa taibreki. Ya nne Federer alikuwa anaongoza na inakaribia kuisha, ikagonga saa moja, wateja wakapiga kelele, Senegal ikawekwa. Nikaondoka pale kichwa kipya, nikiwa na uhakika kwamba Federer anachukua. Kwa nilichokiona, yeye ndiye aliyekuwa anacheza.

Asubuhi baba mdogo akanipa habari kwa sauti ya msibani: "Mzee kapigwa. Alikuwa na mipira miwili ya ubingwa mkononi, kaachia yote."

Nikasema pole, nikaenda shule. Seti ya tano sikuiona mpaka Septemba 2025. Ila ili nieleze kwa nini niliitafuta, lazima nianze na fildi.

Julai na Agosti mwaka huo tulikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Nilipangiwa shule moja ya kata, Hisabati, Kidato cha Pili. Wana-Elimu mnaijua ile hali: unaingia darasani na andalio la somo limepigwa mistari vizuri, dakika kumi za kwanza unagundua nusu ya darasa haiko mahali andalio lako linapoanzia.

Kulikuwa na binti mmoja anakaa dirishani. Jaribio la kwanza nililotoa alipata 12 kwa mia. La pili, 9. Nilimwita wakati wa mapumziko nikamwomba afanye swali mbele yangu, anieleze anachofikiria kila hatua. Haikuchukua muda. Milinganyo ilikuwa haimsumbui hata kidogo. Kilichomsumbua ni namba hasi. Kila alipokutana na alama ya kutoa mbele ya namba alikuwa anaikwepa tu, anaandika kama haipo, na kuanzia hapo kila kitu kinaharibika. Nikamwambia afikirie duka la mkopo. Unadaiwa mia tano, umelipa mia tatu, umebaki wapi? "Bado nadaiwa mia mbili." Basi hiyo ndiyo hasi mia mbili. Alinyamaza kidogo, halafu akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo na kumbe ulikuwa mfukoni.

Jaribio la tatu alipata 31. La nne, 48.

Wiki ya mwisho nikapewa fomu ya maendeleo nijaze. Safu moja tu kwa kila somo: wastani. Nikajumlisha 12, 9, 31 na 48. Jumla mia. Gawanya kwa nne. 25. Kwa madaraja yetu, chini ya 30 ni F. Nikaandika 25, nikaandika F, nikaenda kwa anayefuata, maana walikuwa sitini na kitu na fomu zilitakiwa kabla ya saa nane.

Nilipowasomea matokeo, yule binti akaja mezani. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza chenji yake:

"Samahani mwalimu. Ile 48 imeenda wapi?"

Nikamjibu, "Imo humo humo ndani ya 25."

Akasema, "Sawa mwalimu," akarudi kukaa.

Nilirudi chuoni na ile "sawa mwalimu" kichwani. Na chuoni nikakuta matokeo yangu mwenyewe yananisubiri: sapu moja. Somo lenyewe, msicheke, ni Upimaji na Tathmini katika Elimu. Yaani somo la namna ya kutoa maksi ndilo lililoninyima maksi.

Wanaojua sapu wanajua Septemba ya hosteli. Korido tupu, bumu lilishakata zamani, mama wa mgahawa anapika wali maharage mara moja kwa siku kwa sababu watu wenyewe hawapo. Tulibaki wawili chumbani, mimi na rumeti wangu ambaye naye alikuwa na la kwake. Mchana tunasoma. Usiku, bando la usiku likianza, tunatafuta chochote cha kutusahaulisha. Usiku mmoja nikakumbuka deni langu la tangu 2019. Nikamwambia rumeti: kuna seti moja sikuiona.

Tukaiangalia kwenye simu yenye kioo cha ufa, tumeiegemeza kwenye chupa ya maji.

Seti ya tano peke yake ilikwenda zaidi ya saa mbili. Djokovic akatangulia 4-2, Federer akazirudisha. Wakaenda hivyohivyo mpaka Federer akampora gemu, ikawa 8-7 na mpira wa kuanzisha uko mikononi mwake. 40-15. Maana yake, apate pointi moja tu ni bingwa, na akikosa ana nyingine. Uwanja mzima umesimama, na karibu wote ni wa kwake.

Mpira wa kwanza wa ubingwa, akapiga nje. Wa pili, akapiga pigo la kumsogelea mwenzake, akakimbilia wavuni, na Djokovic akampitishia mpira pembeni kwa mshazari. Gemu ikarudi kwa Djokovic. 8-8.

Rumeti, ambaye dakika tano kabla alikuwa hajui tenisi ni nini, alikuwa ameshasimama juu ya kitanda.

Wakafika 12-12. Mwaka huo ndio Wimbledon ilikuwa imeweka sheria mpya kwamba seti ya tano ikifika hapo inachezwa taibreki. Kabla ya hapo mlikuwa mnaendelea mpaka mmoja amwache mwenzake kwa gemu mbili, hata ikichukua siku nzima. 2018 nusu fainali ya Anderson na Isner iliisha 26-24 kwenye seti ya tano, ndipo wakaona imetosha. Basi taibreki ikachezwa, Djokovic akashinda 7-3. Pigo la mwisho la Federer liligonga fremu ya raketi, mpira ukapaa hovyo. Djokovic akainama, akang'oa majani ya uwanja akayatafuna. Saa nne na dakika hamsini na saba, fainali ndefu kuliko zote za mchezaji mmoja mmoja pale Wimbledon.

Halafu zikaja takwimu, na hapo ndipo rumeti alipoomba tusimamishe.

Pointi zote za mechi: Federer 218, Djokovic 204.

"Subiri," akasema. "Aliyeshindwa ndiye mwenye 218?"

Tukachukua kikokotoo kilekile cha kusomea sapu. Federer alikuwa amepata karibu asilimia 52 ya pointi zote. Tukajumlisha gemu seti kwa seti: Federer 36, Djokovic 32. Mipira ya kuanzisha ambayo mpinzani hakuigusa kabisa: 25 kwa 10. Mapigo ya ushindi ya moja kwa moja: 94 kwa 54. Mara za kumpora mwenzako gemu aliyoianzisha yeye: saba kwa tatu. Kila safu anaongoza aliyeshindwa. Isipokuwa ile inayosomwa mwishoni: 7-6, 1-6, 7-6, 4-6, 13-12.

"Kaonewa huyu," rumeti akahukumu.

Mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine. Nilikuwa naiangalia ile 1-6. Seti ya pili, ambayo mtu wa saluni alidhani Djokovic anaumwa. Katika hesabu ya tenisi, ile fedheha ilimgharimu seti moja, basi. Angeipoteza kwa 6-7 baada ya saa nzima ya jasho, bei ingekuwa ileile. Seti ya tatu ilipoanza, ubao ulisoma sifuri kwa sifuri, na zile sita hazikumfuata. Nikamwambia rumeti: laiti Djokovic angekuwa mwanafunzi wangu, ile 1-6 ningeibeba nikaitia kwenye wastani, ikamtafuna mpaka mwisho wa mechi. Nikamsimulia habari za binti wa dirishani. 12 na 9 zilikuwa seti yake ya pili. 31 na 48 zilikuwa mechi mpya. Na mimi nikachukua mechi mpya nikaizika ndani ya ile ya zamani.

Nilidhani nimesema jambo kubwa. Rumeti wangu anasoma sheria, hakubali kirahisi.

"Kwa hiyo unataka kipi?" akaniuliza. "Yule binti unataka tumhesabie alipofika, tusahau jumla. Sawa. Lakini Federer, mwenye jumla kubwa, unamwonea huruma kwa sababu jumla haikuhesabiwa. Huwezi kulia pande zote mbili. Chagua."

Sikuwa na jibu. Nilizima simu nikalala, yaani nikajilaza tu. Kulikuwa na mbu, na kulikuwa na hilo swali.

Kilichonisaidia ni Federer mwenyewe. Juni 2024, akiwa ameshastaafu, alialikwa kuzungumza na wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani. Hotuba hiyo nilikuwa nimeisikia zamani bila kuitilia maanani. Aliwaambia kwamba katika maisha yake alicheza mechi 1,526 za mchezaji mmoja mmoja na kushinda karibu asilimia 80, halafu akawauliza wanadhani alishinda asilimia ngapi ya pointi. Jibu ni 54. Yaani mmoja wa wachezaji bora waliowahi kushika raketi alikuwa anapoteza karibu nusu ya mipira yote aliyocheza. Somo lake lilikuwa kwamba pointi ikipita imepita, cheza inayofuata.

Mimi nilichokisikia ni kingine kidogo. 80 na 54 ni namba mbili za mtu mmoja, za kazi ileile, na zote ni kweli. Zinatofautiana kwa sababu zinajibu maswali tofauti. Moja inajibu: alishinda mara ngapi? Nyingine inajibu: alipata mipira mingapi? Vivyo hivyo 2019. Ukiuliza nani bingwa, jibu ni 13-12, na Djokovic hakumwibia mtu. Sheria zilijulikana tangu kabla ya mpira wa kwanza, na taibreki zote tatu zilipofika, mahali ambapo mpira mmoja una uzito wa mipira kumi, yeye ndiye aliyetulia. Ukiuliza nani alipata mipira mingi zaidi, jibu ni 218. Onevu linaanza pale unapochukua jibu la swali moja ukampa mtu aliyeuliza lingine.

Na hapo nikajiona. Yule binti aliniuliza 48 imeenda wapi. Alikuwa anauliza: mwalimu, nimefika wapi? Nikampa 25. 25 haikuwa uongo. Ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeliuliza: je, ukichanganya siku ulipokuwa hujui na siku ulipojua, ukakoroga, unapata nini? Hakuna siku hata moja katika wiki zile ambayo yule mtoto alikuwa mtu wa 25. Alikuwa wa 9, halafu akawa wa 31, halafu wa 48.

Kibaya zaidi ni hiki. Baada ya majaribio mawili ya kwanza, nilipiga hesabu: ili wastani wake ufike 45, ambayo ni C, alihitaji jumla ya 159 katika mawili yaliyobaki. Karibu 80 na 80. Nani anatoka 9 kwenda 80 ndani ya wiki chache? Kwa hesabu yangu, yule binti alikuwa ameshafungiwa mlango tangu katikati ya fildi, na bado alikuwa anakuja mapumziko na daftari. Kwenye tenisi hilo haliwezekani. Hakuna filimbi, hakuna dakika ya tisini. Hata kwenye 8-7, 40-15, mtu aliyeko upande wa pili bado anaweza kushinda mechi, na sheria inamwambia hivyo. Djokovic alisema baadaye kwamba watu walipokuwa wanaimba jina la Roger yeye alijilazimisha kusikia Novak. Unaweza kufanya hivyo pale tu mlango ukiwa haujafungwa.

Lakini sitaki kuuza tenisi kama dawa. Rumeti alikuwa na haki. Hesabu inayotoa kila kitu kwa aliyetulia kwenye mipira michache ya mwisho ni ileile inayommaliza mwanafunzi anayejua mwaka mzima halafu anatetemeka siku ya mtihani. Federer hakufika tena fainali ya mashindano makubwa baada ya siku ile, na 2022 akastaafu. Zile 218 hazina kombe. Kwa hiyo mwalimu anahitaji namba zote mbili, na anahitaji kujua ipi anampa nani.

Hayo, kumbe, ndiyo maudhui ya somo nililopigwa sapu. Upimaji endelevu na upimaji tamati. Kwenye UE niliandika tofauti zake sita, zimepangwa kama nilivyozikariri. Swali lililofuata lilitaka nizitumie kwa mwanafunzi fulani wa kufikirika, nikaandika maji. Nilikuwa na mwanafunzi wa kweli, mwenye dirisha lake, na sikumwona kwenye lile swali.

Sapu nilifanya, nikapita. Niliandikiwa C, maana chuoni kwetu sapu hata upate ngapi inaandikwa C. Sikulalamika. Nilijua swali ambalo ile C inajibu.

Kabla ya hapo nilimtumia ujumbe mwalimu aliyekuwa mlezi wangu kule fildi. Nikamwomba, kama fomu haijaenda, aandike pembeni ya jina la yule binti alama zake nne kwa mpangilio wake. Akajibu kwa adabu kwamba fomu zilishapelekwa, na hata zisingepelekwa, nafasi ni moja. Nikamwomba basi amwambie tu kwa mdomo: mwalimu wa fildi amesema wewe ni wa 48. Akajibu, "Nitamwambia." Naamini alimwambia.

Likizo nilipita saluni, nikampa baba mdogo habari ya zile 218. Alizima mashine kabisa.

"Kumbe tulishinda!"

"Hapana, baba mdogo. Tulishindwa. Ila tulipata pointi nyingi."

Alifikiri kidogo, akawasha mashine. "Sasa hayo ni mambo mawili tofauti," akasema, kama vile mimi ndiye niliyeyachanganya.

Wana-Elimu wenzangu tunaorudi fildi mwakani: fomu itakuwa na nafasi moja, na tutaijaza kama tunavyotakiwa. Lakini kaunta buku ni bei ya soda mbili. Mimi nimeshanunua. Mstari wa kwanza nimeandika 12, 9, 31, 48, na sijajumlisha.